Ritifaa ya M'Baku

Ukiuliza wasee wa rika langu M'Baku ni nani, jibu linakuja chap: ni yule jitu wa mlimani kwenye Black Panther, mwenye sauti nzito na utani mkavu, anayeleta jeshi lake wakati vita vimechacha na kila mtu ameshakata tamaa. Tunampenda. Kuna watu walitoka kwa muvi mwaka 2018 wakimwongelea yeye kuliko staringi mwenyewe.

Lakini kabla ya huyo kulikuwa na M'Baku mwingine, wa karatasi, aliyezaliwa Machi 1969 na kuishi karibu nusu karne bila mtu kumshughulikia. Alikuwa adui wa daraja la tatu, wa kuitwa wakihitaji mtu wa kupigwa. Na jina lake la kazi, lile alilojipa mwenyewe akivaa sare zake, lilikuwa Man-Ape. Kwa Kiswahili tuseme Mtu-Sokwe, ingawa hilo neno lina mambo na nitalirudia.

Ndiyo, nataka kukueleza historia ya jambazi wa katuni. Kaa hapo. Kuna kitu ndani yake.

Alitokea kwenye toleo la 62 la komiki ya The Avengers, lililoandikwa na Roy Thomas na kuchorwa na John Buscema. Bei ilikuwa senti 12 za dola. Hadithi iko hivi: T'Challa, mfalme wa Wakanda, amekuwa Marekani akipigana na maadui wa watu wengine, na huku nyuma amemwachia nchi M'Baku, shujaa anayesemekana ni wa pili kwa nguvu baada ya mfalme. M'Baku hataki kukaimu. Anataka kiti. Basi anafufua dini iliyopigwa marufuku, ya Sokwe Mweupe. Anaingia msituni, anamuua sokwe mweupe kwa mikono, anaoga damu yake na kula nyama yake, na nguvu za mnyama zinamwingia. Anavaa ngozi, manyoya meupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, uso wake ukichungulia kutoka kinywani kama mtu aliyemezwa nusu.

T'Challa anarudi nyumbani na wenzake wa Avengers. Wanapigana. M'Baku anamfunga mfalme chini ya sanamu kubwa ya chui na kujaribu kuiangusha imponde. Sanamu inabomoka na kumwangukia yeye. Mwisho wa toleo.

Mwaka uliofuata walimrudisha. Sasa alikuwa New York, akamteka Monica Lynne, mwimbaji aliyekuwa mpenzi wa T'Challa, kisha akaingizwa kwenye genge la Lethal Legion chini ya Grim Reaper. Walishindwa, kama kawaida ya magenge. Baada ya hapo anaonekana na kupotea, mwaka huu yuko, miaka mitano hayuko, hadi 2009 ambapo anauawa na Morlun, jini la kufyonza uhai, ili tu msomaji aone Morlun ni noma kiasi gani. Hiyo ndiyo kazi ya adui mdogo: anakufa ili adui mkubwa aonekane mkubwa. Anayefuatilia muvi za DJ Afro anajua, kuna wale majamaa wa kupigwa dakika ya kumi. M'Baku alikuwa mmoja wao, ila yeye alikuwa na manyoya.

Sasa rudi kwa ile hadithi ya kwanza uisome kama Mwafrika, uniambie nani alikuwa na hoja.

T'Challa alijiunga na Avengers mwaka 1968. Mfalme. Ana nchi, ana wananchi, ana mlima mzima wa madini ambayo dunia yote inayataka, na anaamua kukaa New York. Baadaye kidogo anaenda hata kufundisha shule Harlem kwa jina bandia la Luke Charles. Nia ni nzuri, sikatai, watoto wa Harlem walihitaji walimu. Lakini huko nyumbani nani anasikiliza kesi za mashamba? Nani anaamua maji yaende wapi? Sisi Wakenya tunamjua kiongozi anayeishi kwa ndege. Hatuhitaji kuelezwa kwa nini mtu aliyebaki anaanza kukitazama kile kiti.

Na angalia tarehe. T'Challa mwenyewe alitokea mara ya kwanza kwenye Fantastic Four toleo la 52, Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Miezi miwili kabla, Mei 1966, mfalme halisi wa Kiafrika alikuwa anakimbia: jeshi la Milton Obote lilivamia jumba la Mengo, na Kabaka Mutesa wa Pili akaishia uhamishoni Uingereza. Mwaka 1967 Uganda ikafuta falme zote. Novemba 1969, mwaka ule ule wa M'Baku kujitangaza, Mutesa akafia London. Upande wetu Kenya, Julai ya mwaka huo huo Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Ina maana swali la nani atawale, kwa haki gani, na mwenye kiti akiwa mbali inakuwaje, lilikuwa linamwaga damu ya watu wenye majina na makaburi.

Sidai kwamba Roy Thomas alikuwa anasoma magazeti ya Kampala. Ninachosema ni kwamba swali lilikuwa zito, komiki ikaliokota bila kujua, kisha ikalijibu kwa manyoya. M'Baku hapewi hoja. Anapewa kiu ya damu. Anataka kuirudisha Wakanda kwa mambo ya kale, na hayo mambo ya kale, kwa jinsi yalivyochorwa, ni ushenzi mtupu. Ukiwa Mwafrika kwenye kurasa hizo una njia mbili tu: uwe na mashine kama Mzungu, au uoge damu msituni. Hakuna mzee wa baraza. Hakuna mtu anayesema, jamani, tunaweza kuwa na umeme na bado tukaheshimu wazee.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile mila waliyoibuni waliibuni kinyume. Chukua Buganda hiyo hiyo. Waganda wana koo, na kila ukoo una muziro wake, mnyama au mmea ambao ni ndugu yenu. Kuna ukoo wa Ngo, yaani chui. Kuna ukoo wa Nkima, yaani kima. Umeona? Chui na kima katika ufalme mmoja, miaka na miaka kabla Marvel haijazaliwa. Na sheria ya kwanza ya muziro, ile mtoto mdogo anafundishwa, ni kwamba hauli muziro wako. Mtu wa Nkima kula kima ni kama kumla binamu yako. Halafu kiongozi wa ukoo wa Nkima, anayeitwa Mugema, si mwasi wa mlimani. Ni mmoja wa wakubwa wanaomtawaza Kabaka. Bila yeye sherehe ya kule Buddo haijakamilika.

Kwa hivyo watu wa New York walipotaka kubuni dini ya kutisha ya Kiafrika, walichukua kitu ambacho kwetu maana yake ni undugu na kujizuia, wakakigeuza kiwe kula na kuoga damu. Hata hawakuhitaji kufanya utafiti ili wakosee. Picha ilikuwa tayari hewani: Tarzan tangu 1912, King Kong tangu 1933, na rundo la komiki za msituni ambazo Mzungu ananing'inia kwenye mizizi huku Waafrika wakipiga ngoma na kukimbia.

Nilisema nitarudi kwa lile neno.

Kiingereza kina tabia ya kuweka wanyama hawa wote kwenye kapu moja kikitaka kutukana. Kiswahili kina subira zaidi. Tuna nyani, sokwe, kima, tumbili, ngedere, mbega, komba, na kila mmoja ana sifa zake. Kwenye hadithi zetu wala si wajinga. Ile ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliichapisha kwenye mkusanyiko wake wa hadithi za Waswahili mwaka 1870, kima ndiye mwenye akili: papa anampeleka baharini akatolewe moyo, kima anamwambia, pole rafiki, mioyo yetu tunaiacha nyumbani juu ya mti, nirudishe nikauchukue. Mtoto anayesikia hadithi hiyo anataka kuwa kima.

Na sokwe mwenyewe, yule mkubwa wa milimani, ni jirani yetu. Anaishi Bwindi, anaishi Virunga. Yuko kwenye noti ya Uganda ya shilingi 50,000. Rwanda tangu 2005 wanafanya sherehe ya Kwita Izina ya kuwapa majina watoto wa sokwe, na watu mashuhuri wanafunga safari kwenda kutoa jina. Hata sokwe mweupe alikuwepo kweli, mmoja tu anayejulikana: alikamatwa Guinea ya Ikweta Oktoba 1966 akiwa mtoto, akapelekwa bustani ya wanyama ya Barcelona, akaishi huko hadi 2003. Walimwita Snowflake. Yeye ndiye alitekwa. Hakumla mtu.

Ina maana shida haiko kwa mnyama. Shida ni nani anamwita nani, na amesimama wapi anapoita.

Septemba 1906, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, waliweka mtu ndani ya nyumba ya nyani. Jina lake Ota Benga, kijana wa Kimbuti kutoka Congo. Alikuwa ameletwa Marekani na mfanyabiashara-mmishonari Samuel Verner kwa maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, ambapo watu wa mataifa mbalimbali walipangwa kama bidhaa. Kule Bronx walimweka pamoja na orangutangu, na umati ukaja kwa maelfu kumtazama, kucheka, kumchokoza. Wachungaji weusi wa jiji, wakiongozwa na James Gordon, walipinga, na baada ya siku kadhaa akatolewa. Akalelewa kwenye makao ya yatima, kisha akahamia Lynchburg, Virginia, akafanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku. Alitaka kurudi nyumbani. Vita vya kwanza vya dunia vikafunga njia ya meli. Machi 1916 alijipiga risasi ya moyo.

Shirika linalosimamia bustani hiyo liliomba msamaha mwaka 2020. Fanya hesabu mwenyewe.

Sijamleta Ota Benga hapa ili nikutoe machozi. Nimemleta kwa sababu jiji ni moja. Kampuni iliyomchora M'Baku ilikuwa na ofisi Manhattan, na kutoka hapo hadi Bronx ni kupanda treni tu. Wachoraji wengi wa enzi hizo walizaliwa na kukulia New York, wengine wazazi wao wangeweza kabisa kuwa kwenye foleni ile ya 1906 wakiwa watoto. Picha ya mtu mweusi na nyani ndani ya fremu moja haikuhitaji mtu mwenye roho mbaya kuichora mwaka 1969. Ilikuwa sehemu ya samani ya nyumba.

Na Roy Thomas hakuwa mtu wa roho mbaya, kwa kazi zake. Mapema 1970, kwenye komiki hiyo hiyo, alimwandikia T'Challa hadithi ya kupambana na Sons of the Serpent, kundi la wabaguzi wa rangi, na hakuficha anamlenga nani. Ndiyo maana M'Baku ananivutia. Angekuwa ametungwa na mbaguzi tungemtupa na kuendelea na maisha. Alitungwa na mtu aliyekuwa anajaribu.

Hapa historia inachukua kona ambayo hata mimi sikuitarajia. Mwaka 1972 Marvel walifungua jarida linaloitwa Jungle Action. Lilikuwa la kuchapisha upya hadithi za zamani za Wazungu wa msituni, kina Lorna na kina Tharn, nywele za dhahabu na vazi la ngozi ya chui. Kijana mmoja pale ofisini, Don McGregor, kazi yake ilikuwa kusahihisha chapa, na alikuwa anawalalamikia wakubwa: hizi hadithi ni za Afrika, mbona kila shujaa ni Mzungu? Mwishowe wakaamua jarida lipewe Black Panther. Lakini hawakuwa na hadithi mpya tayari. Toleo la 5, Julai 1973, lilihitaji kujazwa na kitu.

Walichapisha upya toleo la 62 la The Avengers. Hadithi ya Mtu-Sokwe.

Elewa uzito wa jambo hilo. Mara ya kwanza T'Challa kukalia jarida mfululizo kama shujaa wake, aliingia kwa mlango wa M'Baku. Toleo lililofuata, la 6, McGregor akaanza hadithi yake ndefu inayoitwa Panther's Rage, akichorewa kwanza na Rich Buckler na baadaye na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache sana waliokuwa Marvel wakati huo. Iliendelea hadi mwishoni mwa 1975. Karibu kila mtu ndani yake ni mweusi, kiasi kwamba McGregor amesimulia alivyokuwa akiulizwa ofisini Wazungu wako wapi. Ndani yake ndimo alimozaliwa Erik Killmonger, adui aliyekuja kuchezwa na Michael B. Jordan.

Na Killmonger anauliza nini? Swali la M'Baku. Kwamba mfalme alikuwa wapi. Safari hii adui ana machungu ya kueleweka, na mshauri wa mfalme, W'Kabi, ambaye alitokea mara ya kwanza kwenye toleo lile lile la Mtu-Sokwe, anamkoromea T'Challa usoni kwa kukaa Marekani muda wote huo. Yaani ilichukua miaka minne tu, na mwandishi mmoja aliyekuwa tayari kusikiliza, kuligeuza lile swali kutoka mngurumo wa sokwe kuwa sentensi.

M'Baku hakufaidika. Swali lake walichukua, yeye wakamwacha na manyoya yake.

Acha nizungumzie ritifaa kidogo.

Ritifaa, kwa waliokimbia darasa la Kiswahili, ni kile kijialama cha juu kinachofanya ng'ombe awe ng'ombe. Kina kazi. Ukikiondoa unatamka kitu kingine. Sasa angalia majina ya Waafrika wa Marvel: T'Challa, M'Baku, W'Kabi, N'Jadaka ambalo ndilo jina halisi la Killmonger. Hata Storm wa X-Men, ambaye tangu 1975 wanatuambia alipatikana Kenya, mama yake wamemfanya binti mfalme Mkenya kwa jina N'Daré. Niambie ni kaunti gani. Niambie chifu gani anaweza kuandika hiyo alama ya juu ya e kwenye kitambulisho.

Hiyo ritifaa haina kazi ya matamshi. Mb ni sauti tunayoitumia tangu tukiwa watoto: mbuzi, mboga, Mbagathi, Mboya. Hakuna anayejikwaa. Waliweka alama pale kwa sababu jicho la Mmarekani likikutana na M na B zimekaa pamoja mwanzoni mwa neno linaona kitu cha ajabu, na ajabu ndiyo ilikuwa inauzwa. Ritifaa pale ni kama ngozi ya sokwe. Ni vazi.

Halafu 2018 ikafika.

Watengenezaji wa filamu, chini ya Ryan Coogler, walikuwa na orodha ya maadui wote wa Black Panther na walimtaka M'Baku. Jina la Man-Ape hawakulitaka. Nate Moore, mmoja wa watayarishaji, alieleza wazi kwamba kumvalisha mtu mweusi kama nyani kuna maana mbaya za kirangi. Kwenye filamu nzima hakuna anayemwita hivyo. Kama unadhani walikuwa wanajihami bure, kumbuka mwezi mmoja kabla filamu haijatoka, Januari 2018, duka la nguo la H&M lilikuwa linatangaza sweta ya mtoto yenye maneno ya kumsifu kama tumbili wa msituni, na aliyevalishwa ni mtoto mweusi. Kumbuka Dani Alves akiokota ndizi iliyorushwa uwanjani Villarreal mwaka 2014 na kuila. Kumbuka Cécile Kyenge, mzaliwa wa Congo, waziri wa Italia, akifananishwa na orangutangu na seneta wa nchi hiyo mwaka 2013. Hii si historia ya zamani. Wasee bado wako kwenye biashara.

Walichofanya filamuni ni kumrudishia M'Baku hoja yake. Anashuka kutoka mlimani kwenye kutawazwa kwa mfalme, anasema mambo ambayo mtu mzima yeyote angesema: mmeikabidhi teknolojia ya nchi kwa mtoto anayedharau mila. Anapigana, anashindwa, anakubali kushindwa na anaondoka hai. Baadaye T'Challa anapookotwa nusu maiti, M'Baku anamhifadhi kwenye theluji. Anapotishia kuwalisha watoto wake nyama ya wageni kisha anacheka na kusema wao hawali nyama, hapo nilijua kuna mtu aliyesoma toleo la 62. Mtu aliyezaliwa kwa kula nyama ya sokwe, sasa hali nyama kabisa. Huo ni utani wa miaka 49.

Winston Duke, aliyezaliwa Tobago, aliiga lafudhi ya Kiigbo. Ruth Carter, mbunifu wa mavazi aliyeshinda Oscar kwa kazi hiyo, aliwatazama Wadogon wa Mali kwa mavazi ya watu wa mlimani, na Wamaasai kwa wekundu wa Dora Milaje. Mchanganyiko wa Afrika nzima kwenye sufuria moja, ndiyo, kuna wanaolalamika na wana haki yao. Lakini Februari ile filamu ilionyeshwa Kisumu, mji ambao baba yake Lupita Nyong'o alikuwa gavana, na watu walikuja wamevaa kitenge na shanga kama wanaenda harusi. Naona hawakuja kukagua lafudhi.

Kabila la M'Baku filamuni linaitwa Jabari. Hili neno tunalo. Mtu jabari kwetu ni jasiri, shupavu, asiyetishika. Limetoka Kiarabu, na huko lina sura mbili: ni moja ya sifa za Mungu, Mwenye nguvu za kushurutisha, na pia ni jina la mtawala dhalimu, mwenye kiburi, anayejifanya Mungu. Kareem Abdul-Jabbar wa mpira wa kikapu anabeba sura ya kwanza. M'Baku wa 1969 alichorwa kwa sura ya pili peke yake. Huyu wa 2018 anazo zote mbili, na hauna ritifaa popote ndani ya neno hilo. Linaandikwa linavyotamkwa.

Kwenye filamu ya pili, ya 2022, iliyotengenezwa baada ya Chadwick Boseman kufariki, siku ya kumtawaza mtawala inafika na watu wamesimama kwenye maporomoko wakimsubiri Shuri. Chombo kinatua, anatoka M'Baku. Anatangaza kwamba Black Panther hatakuja, na kwamba yeye amekuja kugombea kiti. Hakuna sokwe aliyeuawa. Hakuna aliyefungwa chini ya sanamu. Mwenye kiti yuko mbali, na aliyebaki nyumbani amesimama mbele ya watu, mchana, akaomba. Kamera inaondoka bila kutuonyesha kama kuna aliyejitokeza kupigana naye.

Majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Lake limeandikwa na ritifaa.